Mtoto Mnene Aliyekuwa na Njaa



Katika mikutano yetu ya hapa Butali na vijiji vya kando kando, kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi. Mtoto anakula, anashiba, mbona anavimba? Wengine huuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu wameshaambiwa ni jicho baya, au ni kosa la mama. Leo nataka tulijibu swali hili pole pole, tukianzia ndani kabisa ya mwili, mahali ambapo macho hayafiki. Tutakutana na fundi mmoja mdogo sana ambaye kila mmoja wetu anaye, na ambaye wengi hatujawahi kusikia jina lake.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Siku moja nilifika kwenye mkutano wa kikundi cha akina mama, ndani kidogo kutoka barabara ya Kakamega kwenda Webuye. Miwa pande zote. Bibi mmoja alikuwa amempakata mjukuu wake wa kiume, mwaka mmoja na nusu hivi. Mashavu yamejaa, miguu imejaa. Nikamsifu: "Kukhu, huyu umemlisha vizuri!" Bibi akafurahi. Lakini mtoto hakucheka. Hakutaka kushuka acheze na wenzake, na nywele zake zilikuwa nyepesi, zenye rangi ya kutu. Muuguzi tuliyekuwa naye hakusema neno. Alimvua mtoto soksi, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu wa kulia, akahesabu pole pole moja, mbili, tatu. Akafanya vivyo hivyo mguu wa kushoto. Alipoondoa kidole, shimo likabaki.

Kumbe yale yalikuwa maji, si nyama. Mtoto niliyemsifu alikuwa mgonjwa wa kwashiakoo. Tulipouliza anakula nini, tuliambiwa uji mweupe wa mahindi, ugali na mchuzi wa mboga, na chai ya rangi yenye sukari ya kutosha. Hakuna siku aliyolala njaa. Mama yake alikuwa na mimba nyingine, na wakwe walikuwa wamemlaumu kwamba ameharibu maziwa.

Je, inawezekanaje mtoto ashibe kila siku na mwili wake uwe na njaa? Hapo ndipo tunahitaji kuingia ndani.

KILA CHUMBA KINA VINU VYAKE

Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo mno vinavyoitwa seli. Ndani ya karibu kila seli kuna vitu vidogo zaidi vinavyoitwa mitokondria. Tuviite vinu, kama kile kinu cha posho pale sokoni. Unapeleka mahindi, unarudi na unga. Hivi vinu vya mwili hupokea chakula kilichokwisha vunjwa vunjwa, pamoja na hewa ya oksijeni tunayovuta, na kutoa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kulima, na mtoto kulia, kucheka na kukua. Seli za moyo, ubongo, misuli na ini zina vinu vingi kwa sababu kazi yao haina likizo.

Kinu cha mitokondria kina kuta mbili. Ukuta wa nje ni laini. Ukuta wa ndani umekunjwa kunjwa, kama leso ndefu iliyoshindiliwa ndani ya kikapu kidogo. Kwa nini ukunjwe? Kwa sababu mitambo ya kutoa nguvu imefungwa kwenye ukuta huo. Ukuta ukiwa mrefu, mitambo mingi inapata nafasi. Ukuta ukiharibika, mitambo inalegea, kwa maana hakuna mtu anayefunga injini hewani.

Sasa ukuta huo umejengwa kwa nini? Sehemu kubwa ni protini na lipidi. Lipidi ni jamaa ya mafuta. Tukisikia mafuta tunafikiria yale ya kukaangia, au yale ya kiuno. Lakini kuna mafuta ya kuchoma kama kuni na kuna mafuta ya kujengea kama matofali. Haya ya kujengea ndiyo tunayozungumzia leo.

FUNDI ALIYE NDANI YA KINU

Kwanza tuelewe neno kimeng'enya. Chukua tonge la ugali mtupu, ulitafune kwa muda mrefu bila kumeza. Utasikia utamu unakuja. Hukutia sukari. Mate yako yana kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari. Basi kimeng'enya ni protini yenye kazi moja maalum. Mwili una maelfu ya namna hiyo, na kila kimoja ni fundi wa kazi yake.

Fundi wetu wa leo anakaa kwenye ukuta wa ndani wa mitokondria. Jina lake ni refu: fosfatidilserini dekaboksilesi. Wataalamu wenyewe wamechoka nalo, wanaliita PISD. Kazi yake ni hii. Anapokea lipidi moja inayoitwa fosfatidilserini, anakata kipande kidogo, na kipande hicho kinaondoka kama hewa ya kaboni dioksidi. Kinachobaki ni lipidi nyingine, fosfatidiletanolamini. Ni hilo tu, kukata kipande kimoja kidogo siku nzima, maisha yote.

Lakini angalia umbo la tofali analotengeneza. Wale wenye kikundi kilichojengea kisima watanielewa. Ukitaka kujenga ukuta wa mviringo, matofali ya mraba yanakusumbua. Unahitaji tofali ambalo upande mmoja ni mwembamba kuliko mwingine, ndipo ukuta unakubali kupinda. Fosfatidiletanolamini ina kichwa kidogo na mwili mpana, kwa hiyo inafaa pale ambapo ukuta wa kinu unakunjwa. Pia inaisaidia mitambo ya nguvu kusimama sawa na kufanya kazi. Ndiyo sababu lipidi hii ni nyingi sana katika ukuta wa ndani wa mitokondria.

Fundi huyu ana jambo lingine la ajabu. Akitengenezwa mara ya kwanza hawezi kufanya kazi. Ni kama panga jipya lisilonolewa. Lazima ajikate mwenyewe vipande viwili, vipande vile vishikamane, ndipo apate makali. Hakuna mwingine anayemnoa.

Mambo haya hayakujulikana kwa siku moja. Mwaka 1972 Edward Dennis na Eugene Kennedy wa Marekani walionyesha kwamba kazi hii katika ini la panya hufanyika ndani ya mitokondria. Mwaka 1990 Jean Vance, mtafiti wa Kanada, alieleza sehemu za seli zinazogusana na mitokondria, ambapo malighafi ya fundi hutengenezwa na kupitishwa. Yaani fosfatidilserini hutengenezwa nje ya kinu, halafu inavushwa kwenye mpaka, kama jirani anayekupitishia ndoo juu ya ua.

FUNDI AKIKOSEKANA

Seli ina njia nyingine ya kutengeneza fosfatidiletanolamini huko nje ya kinu. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza, kama fundi wa ndani hayupo, si wa nje ataleta matofali? Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo ya kuwaondolea panya kimeng'enya hiki kabisa. Panya hao walikufa wakiwa bado tumboni, siku chache baada ya mimba kutungwa, na mitokondria zao zilikuwa zimeharibika umbo. Njia ya nje ilikuwepo, lakini haikutosha. Tofali la kinu linahitaji kutengenezwa kinuni.

Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walieleza jambo lingine. Walikiondoa kimeng'enya hiki kwenye misuli tu, katika panya waliokwisha kukua. Misuli ilidhoofu, na ule msuli mpana chini ya mapafu unaotuwezesha kuvuta pumzi ukashindwa kazi. Panya walikufa kwa kukosa pumzi.

Na binadamu? Wapo watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na kasoro katika maelekezo ya kutengeneza fundi huyu. Kasoro hiyo hurithiwa kwa baba na mama, ambao wenyewe ni wazima. Ugonjwa huo unaitwa Liberfarb, kwa jina la daktari aliyeueleza mwaka 1986, lakini chanzo chake katika kimeng'enya hiki kilijulikana mwaka 2019. Watoto hao huwa wafupi, mifupa yao haikui sawasawa, macho na masikio hudhoofika, na kichwa kinaweza kuwa kidogo. Hakuna aliyewaroga. Kisu kimoja hakikunoleka vizuri, basi.

Ugonjwa huo ni nadra, na sitarajii kumkuta mgonjwa wake hapa Malava. Nimeutaja ili tuone jambo moja: kazi ndogo isiyoonekana ikisimama, mwili mzima unayumba. Sasa turudi kwa wale watoto tunaowaona.

KUTOKA KINUNI MPAKA INI

Matofali ya fundi wetu hayabaki yote kinuni. Mengine hutoka. Katika ini, kimeng'enya kingine huyachukua na kuyageuza kuwa lipidi inayoitwa fosfatidilkolini. Sehemu nyingine ya lipidi hiyo hutoka kwenye kolini tunayokula katika chakula.

Fosfatidilkolini ni kama gunia. Ini hupokea na kutengeneza mafuta kila siku, lakini si ghala la mafuta. Linapaswa kuyafunga na kuyasafirisha kwenda sehemu nyingine za mwili. Bila gunia, mahindi yanabaki sakafuni. Bila fosfatidilkolini ya kutosha, na bila protini za kufungia mzigo, mafuta yanabaki ndani ya ini. Ini linanenepa huku mwili unadhoofika.

Hata kwa watu wazima jambo hili lipo. Mwaka 2019 watafiti wa Barcelona, Hispania, walionyesha kwamba protini moja inayosaidia kuvusha malighafi hadi kwa fundi wetu ikipungua, ini la panya linaugua, linajaa mafuta na kuvimba. Protini hiyo hiyo ilikuwa imepungua pia katika maini ya watu wenye ugonjwa huo. Kwa hiyo mlango wa kinu ukifungwa nusu, ini linasikia.

SASA TUZUNGUMZE KWASHIAKOO

Jina hili lilitoka Ghana, wakati ule ikiitwa Gold Coast. Daktari Cicely Williams aliueleza ugonjwa mwaka 1933, na mwaka 1935 akaandika jina ambalo akina mama wa Kiga walilitumia: ugonjwa wa mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Huku kwetu, daktari Hugh Trowell aliyefanya kazi Kenya na baadaye hospitali ya Mulago, Uganda, aliandika pamoja na wenzake kitabu kizima juu ya ugonjwa huu mwaka 1954. Mambo waliyoyaona ni yale yale: miguu inavimba, ngozi inabambuka, nywele zinabadilika rangi, mtoto ana huzuni na hataki chakula, na ini limejaa mafuta.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha uchunguzi wa panya wachanga waliolishwa chakula chenye protini kidogo mno. Maini yao yalijaa mafuta, na vinu, yaani mitokondria, vilikuwa vimeharibika na kutoa nguvu kidogo. Hii inatusaidia kuelewa. Fundi ni protini. Mitambo kwenye ukuta ni protini. Wavushaji wa malighafi ni protini. Chakula kikiwa ni kuni tupu bila vifaa vya ujenzi, moto unawaka lakini nyumba inabomoka. Sukari ni kuni. Uji mweupe wa mahindi mara nyingi ni kuni.

Hata hivyo tusidanganyane. Sisemi kwamba kwashiakoo husababishwa na kimeng'enya hiki peke yake, wala na protini peke yake. Wataalamu mpaka leo hawajakubaliana juu ya chanzo chote. Huko Malawi walifuatilia jozi 317 za watoto pacha, na matokeo yakatoka mwaka 2013. Pacha hao wanakula chungu kimoja, wanalala kitanda kimoja. Lakini katika jozi nyingi mmoja alipata utapiamlo na mwenzake hakupata. Watafiti waliona kwamba vijidudu vinavyoishi tumboni vina sehemu yao katika jambo hili. Kuharisha na magonjwa kama surua nayo huusukuma mwili uliokwisha kudhoofika.

Nawaomba mliweke moyoni jambo hilo la pacha. Kama mama mmoja, chungu kimoja, anaweza kuwa na mmoja mzima na mmoja mgonjwa, tunapata wapi ujasiri wa kumnyooshea mama kidole? Wazee wetu walitazama vizuri, wakaona mtoto huugua mama anapopata mimba nyingine. Lakini hukumu yao haikuwa sawa. Mimba haitii sumu kwenye maziwa. Kinachotokea ni kwamba mtoto huachishwa ghafla, anatoka kwenye maziwa yenye kila kitu na kuhamia kwenye uji usio na kitu. Mama mjamzito mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha, na Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi, pamoja na vyakula vingine kuanzia miezi 6.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tujifunze kubonyeza. Kila mwanakikundi anaweza. Bonyeza juu ya mguu wa mtoto kwa kidole gumba ukihesabu sekunde 3. Fanya miguu yote miwili. Shimo likibaki pande zote mbili, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Pia muulize mhudumu wa afya wa jamii akupimie mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, na nyekundu ni hospitali.

Pili, mtoto aliyekwisha vimba asishindiliwe mayai na nyama nyumbani. Hili linawashangaza wengi. Vinu vyake vimedhoofika, ini limejaa, chumvi za mwili hazijakaa sawa. Ukimmwagia mzigo mkubwa mara moja unaweza kumuua. Hospitalini huanza na maziwa maalum kidogo kidogo, na dawa za kuzuia maambukizo, kisha chakula huongezwa. Na usishtuke siku za mwanzo akipungua uzito. Ni maji yanatoka. Mama wengi huwatorosha watoto wodini wakati huu, wakisema, "Alikuja mnene, sasa anakonda." Tafadhali, mbakishe.

Tatu, kwa watoto walio wazima, tuchanganye. Mahindi yana upungufu wa vijenzi fulani vya protini ambavyo maharagwe yanavyo. Maharagwe nayo yana upungufu wa kimoja ambacho mahindi yanacho zaidi, nacho ndicho ini hukitumia kugeuza matofali ya fundi wetu kuwa magunia. Kwa hiyo githeri iliyopondwa vizuri ni elimu ya wahenga. Ongeza omena iliyosagwa kwenye uji. Ongeza njugu, maziwa, kunde, mrenda na saga. Kumbikumbi wakitoka msimu wao, msiwaache kuku peke yao wafaidi.

Nne, yai. Yai moja lina kolini karibu miligramu 150, na mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji kama miligramu 200 kwa siku. Huko Ekuado, utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba watoto waliopewa yai moja kila siku kwa miezi 6 hawakudumaa sana kama wenzao. Lakini utafiti kama huo uliotoka Malawi mwaka 2019 haukuona tofauti ya urefu, na watoto wa huko walikuwa tayari wanakula samaki kwa wingi. Maana yake ni nini? Yai si uchawi. Yai husaidia zaidi pale ambapo vyakula vya namna hiyo vinakosekana. Katika boma nyingi nilizotembelea kuku wapo, mayai yapo, lakini yanakwenda sokoni yote ili yanunue sukari na majani ya chai. Hapo tumeuza matofali tukanunua kuni.

Tano, shamba. Sijakuja kupiga vita miwa, maana ndiyo imesomesha watoto wa watu wengi hapa. Lakini miwa huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, na huo ndio umri wa yule mtoto niliyewaeleza. Alizaliwa miwa ikipandwa, akavimba miwa ikingoja lori. Mtoto hawezi kungoja malipo. Tuache kipande cha shamba karibu na nyumba kwa maharagwe, njugu na mboga, na kipande hicho kisikodishwe kwa sababu yoyote.

TAHADHARI YA MWISHO

Siku hizi wapo watu wanaopita vijijini na masokoni wakiuza vidonge na unga wa kuamsha seli. Wanatamka maneno makubwa makubwa, hata mitokondria wanaitaja. Ndugu zangu, hakuna dawa ya dukani iliyothibitishwa ya kuongeza kimeng'enya hiki ndani ya mwili wa mtoto. Fundi huyu hanunuliwi. Mwili humtengeneza wenyewe ukipewa chakula mchanganyiko na ukikingwa na magonjwa. Uchunguzi wa misuli umeonyesha pia kwamba mazoezi huongeza lipidi anayoitengeneza kwenye vinu, nayo hupungua mazoezi yakiachwa. Wenye jembe mnayo mazoezi bure. Pesa ya kidonge, nunua omena.

Na yule mtoto? Alikwenda hospitali jioni ile ile, bibi yake akimbeba mgongoni, mama akifuata nyuma na kanga mbili na sufuria. Uvimbe ulipokwisha alikuwa mwembamba hata nikaogopa kumtazama. Mama mkwe mmoja akasema hospitali imemmaliza. Lakini bibi alikataa asiondolewe. Baada ya majuma kadhaa alirudi nyumbani, na nilipowatembelea alikuwa anamkimbiza kifaranga uani. Hakuwa mnene. Alicheka. Sasa mimi kabla ya kumsifu mtoto ni mnene, huwa nasubiri kwanza nione kama anacheka.

Mtume Paulo alipowafundisha Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, aliwakumbusha kwamba hata vile vinavyoonekana dhaifu vinahitajika. Yeye hakujua habari za vimeng'enya. Lakini sisi tuliojua tuna deni zaidi. Kama Mungu ameweka fundi asiyeonekana katika kila kinu cha mwili wa mtoto, kazi yetu ni kumpelekea fundi huyo vifaa, na kuacha kumlaumu mama yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika juma lililopita, watoto wetu walio chini ya miaka 5 walikula nini zaidi, kuni au matofali?

2. Mayai ya kuku wetu yanakwenda wapi? Je, kikundi kinaweza kukubaliana idadi ya mayai yatakayobaki nyumbani kila juma?

3. Ni nani kati yetu atakayejifunza kubonyeza miguu na kupita nyumba kwa nyumba mara moja kwa mwezi?

4. Mtoto akivimba katika kijiji chetu, majirani husema nini juu ya mama yake? Tutawajibu vipi?